Shajara ya mradi: fuwele za barafu angani na usawa wa Ziwa Victoria kwa leza

Mradi huu unapima usawa wa maji ya Ziwa Victoria kwa fotoni (chembe za mwanga) za leza ya satelaiti ya ICESat-2: muda wa fotoni kwenda na kurudi ndio unaotoa kimo. Swali ni moja: fuwele za barafu zilizomo katika mawingu ya juu zinavuruga kipimo hicho kiasi gani, na kwa njia ipi? Mawingu yenyewe ni sirasi, yale membamba meupe yanayotandaa kama pamba iliyochambuliwa, kilomita 10 hadi 16 juu yetu. Leza huyapenya na kurudi, kwa hiyo ukitazama faili kwa haraka huoni kasoro yoyote. Shajara inawekwa ili anayetaka kuifanya kazi hii Tanganyika, Turkana au kwingineko asirudie makosa yaleyale.

11 Januari 2025: Vifaa na data

ICESat-2 ilirushwa tarehe 15 Septemba 2018 na huzunguka karibu kilomita 500 juu ya ardhi. Kifaa chake, ATLAS, hupiga mapigo 10,000 ya leza ya kijani (nanomita 532) kila sekunde, na kila pigo hugawanywa kuwa miale sita katika jozi tatu: mitatu yenye nguvu na mitatu hafifu. Chombo kinakimbia karibu kilomita 7 kwa sekunde, hivyo pigo moja na linalofuata hutua sentimita 70 tu kutoka kwa jingine. Doa la leza juu ya maji lina kipenyo cha mita 11 hivi, na darubini inayopokea huona duara la mita 45 hivi. Hiyo mita 45 ishikeni, maana ndiyo iliyokula wiki mbili za Februari.

Bidhaa tunazotumia ni tatu. ATL03 ina kila fotoni na kimo chake. ATL09 ina tabaka za mawingu. ATL13 ina kimo cha maji ya bara kilichokwisha kukokotolewa, nayo tunaitumia kujilinganisha tu. Zote ni bure kwa mwenye akaunti ya Earthdata, tovuti ya data ya NASA. Kompyuta ni mpakato wa RAM GB 16 wenye Python, numpy na h5py, na haihitaji kadi ya michoro.

Vimo vya ATL03 vinahesabiwa kutoka kwenye elipsoidi ya WGS84 (umbo laini la kihesabu la dunia), si kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya bahari, lakini geoidi ya pale (usawa wa bahari ukiendelezwa hadi chini ya nchi kavu) imezama zaidi ya mita 10 chini ya elipsoidi, tena haiko sawa kutoka ufuko mmoja hadi mwingine. Thamani ya geoidi imo ndani ya ATL03 yenyewe. Iondoe kwanza, la sivyo mteremko wake utauona kama mteremko wa maji.

25 Januari: Upakuaji

Kosa la kwanza lilikuwa la bando. Tulishusha faili nzima za ATL03. Faili moja mara nyingi hupita GB 1, na sehemu ya ziwa ndani yake ni kipande kidogo. GB 38 zikaisha, na diski ya mpakato ikajaa. Dawa ni kuomba data ikatwe kwenye seva kabla ya kushuka: maktaba ya icepyx hupokea mipaka ya eneo na tarehe, ikarudisha kipande hicho peke yake. Ombeni pia vigezo mnavyovihitaji tu. Tangu hapo mapito ya miezi mitatu yanaingia kwenye bando la kawaida la mwezi. Diski ya nje ya TB 1 tulikuwa tumeshainunua kwa Sh 170,000, na kwa kazi hii pekee haikuwa lazima.

Fotoni zote zilizo chini ya kilomita 2 kutoka ufukoni au kisiwani zimetupwa. Mimea inayoelea na matope ya pembezoni ni tatizo jingine kabisa.

8 Februari: Tofauti yajitokeza

Tulichagua mapito ya usiku ambayo wingu jembamba lilifunika upande mmoja wa ziwa na kuuacha mwingine wazi. Usiku ni muhimu, kwa sababu mchana fotoni za jua hujaza mchoro mzima vumbi la nukta na kuufanya uso wa maji uonekane kama mstari uliochorwa juu ya kitambaa chenye mchanga.

Katika mchoro wa usiku, uso wa ziwa ni utepe mwembamba wa nukta. Pale wingu linapoanza, utepe unapauka na nukta zinapungua kwa kila pigo. Wakati huohuo wastani wa kimo unashuka sentimita chache. Kupauka kulitarajiwa. Huko kushuka ndiko kulikotupa kazi ya miezi minne.

Maelezo yaliyokuwa tayari mdomoni ni haya: fuwele hupinda njia ya fotoni kidogo, njia inakuwa ndefu zaidi, fotoni inachelewa, na kompyuta inadhani maji yako chini zaidi. Ni maelezo sahihi kifizikia. Kilichobaki kilikuwa kujua ukubwa wake.

22 Februari: Programu ya kuiga njia ya fotoni, na kosa la mita 45

Chembe kubwa kuliko urefu wa wimbi la mwanga huondoa mwanga kwa njia mbili zilizo karibu sawa. Nusu hupiga mwili wa fuwele na kutawanyika pembe kubwa au kurudi, na kwa kipimo chetu hiyo imepotea. Nusu nyingine hupita kando ya fuwele na kupindwa pembe ndogo sana kuelekea mbele. Upana wa pembe hiyo hukadiriwa kwa kugawa urefu wa wimbi kwa pai mara nusu kipenyo cha chembe. Kwa fuwele yenye nusu kipenyo cha mikromita 30 inatoka mikroradiani 5,640 hivi, yaani theluthi moja ya digrii.

Hatua za programu, kwa anayetaka kuinakili:

Weka wingu kama karatasi moja kimo *h* juu ya maji; tulitumia mita 11,000. Chagua unene wa kimwanga τ (kiasi wingu linavyozuia mwanga); tulitumia 0.5, unaoruhusu asilimia 61 ya mwanga kupita bila kuguswa. Kwa kila fotoni, bahatisha idadi ya mipindo kwa mgawanyo wa Poisson wenye wastani τ/2. Kwa kila mpindo, pembe ni upana ule mara kipeuo cha pili cha −ln(u), ambapo *u* ni namba nasibu kati ya 0 na 1. Mwelekeo wa kuzunguka uwe wowote. Jumlisha pembe kama vekta. Umbali wa fotoni kutoka kitovu inapogusa maji ni *h* mara pembe, na urefu wa ziada wa njia ni *h* mara mraba wa pembe, gawa kwa 2. Kosa la kimo ni nusu ya urefu huo wa ziada. Zidisha idadi ya waliofika kwa e^(−τ/2) ili kuhesabu ile nusu iliyopotea. Safari ya kupanda ni kioo cha safari ya kushuka, kwa hiyo kosa linazidishwa kwa 2.

Fotoni milioni moja zinamalizika kwa sekunde chache.

Mara ya kwanza jibu likatoka sentimita 4.4. Lilifanana mno na tulichokiona ziwani, tukaandika nusu ya ripoti. Lilikubaliana hata na hesabu ya mkono: *h* mara mraba wa upana wa pembe, mara τ, gawa kwa 4. Programu ilikuwa sahihi kwa swali iliyoulizwa, ila swali lenyewe halikuwa la ATLAS.

Tulisahau darubini. Fotoni iliyopindwa mikroradiani 5,640 kutoka kilomita 11 inaangukia mita 62 kutoka kitovu. Darubini haioni zaidi ya mita 22.5 kutoka kitovu. Fotoni hiyo imechelewa kweli, lakini ATLAS haiipati kamwe. Tulipoongeza mstari mmoja wa kutupa kila fotoni iliyovuka mita 22.5, jibu likaporomoka kutoka sentimita 4.4 hadi milimita 0.36.

Kwa fuwele kubwa zenye nusu kipenyo cha mikromita 100, pembe ni nyembamba zaidi na fotoni nyingi hubaki ndani ya duara. Hapo kosa ni milimita 1.5. Bado ni dogo mno kueleza sentimita chache.

Kilichotushtua zaidi ni wingu la chini. Tukashusha *h* hadi mita 1,000 na kuweka matone ya maji ya mikromita 10 badala ya fuwele, τ ileile. Kosa likawa sentimita 1.7, karibu mara 47 ya lile la sirasi ya fuwele ndogo. Sababu ni ya jiometri tu: wingu likiwa karibu na maji, fotoni inaweza kupindwa pembe kubwa na bado ikaangukia ndani ya duara la darubini. Kwa darubini yenye jicho jembamba, ukungu wa alfajiri juu ya ziwa unachelewesha kuliko barafu yote ya kilomita 12.

Jambo moja limeachwa nje ya programu kwa makusudi. Fuwele zenye nyuso sambamba, kama vibao vya pembe sita, hupitisha sehemu ya mwanga moja kwa moja kama kioo cha dirisha, bila kuupinda. Mwanga huo hauchelewi kwa kiasi cha kupimika. Unafanya tu wingu lionekane jepesi kuliko lilivyo. Hauwezi kuongeza kosa la kimo.

8 Machi: Namba moja haitoshi kwa wingu na maji

Tulitaka kukadiria unene wa wingu kutokana na jinsi mwangwi wa maji unavyofifia. Wanaofanya lidari (upimaji wa anga kwa leza) hutumia kizidisho kinachopunguza unene ili kuhesabu ile nusu iliyopindwa mbele ambayo bado inaonekana. Kwa CALIPSO, satelaiti iliyopima mawingu kwa leza, kizidisho cha 0.6 kilitumika kwa mawingu ya barafu kwa miaka mingi, kabla ya matoleo ya baadaye kukifungamanisha na joto la wingu. Tukakichukua kilivyo, tukakiweka kwenye mwangwi wa ziwa. Unene uliotoka ukapishana na ule uliokadiriwa kutoka kwenye wingu lenyewe.

Kosa ni kudhani kizidisho ni mali ya wingu. Ni mali ya wingu, darubini na umbali kwa pamoja. Ndani ya wingu fotoni iliyopindwa haijapata nafasi ya kukimbia mbali, kwa hiyo ingali machoni mwa darubini na wingu linaonekana jepesi. Ikishasafiri kilomita 11 hadi majini imeshatoka nje ya duara. Programu yetu inatoa kizidisho cha 0.94 kwa mwangwi wa maji chini ya fuwele za mikromita 30, na 0.62 chini ya fuwele za mikromita 100.

Hii ina faida yake. Kizidisho kikipatikana kwa njia ya pili, kwa mfano unene kutoka chombo kingine, ukubwa wa fuwele unaanza kuonekana. Hatujafika huko.

29 Machi: Mkosaji ni kigunduzi

Sasa tulikuwa na sentimita chache zisizo na mwenyewe. Kigunduzi cha ATLAS kikishika fotoni, mlango wake hufumba karibu nanosekunde 3. Nanosekunde 3 ni sentimita 45 za kimo, na pigo lenyewe la leza lina upana wa nanosekunde 1.5 hivi. Maana yake fotoni ya kwanza kufika inamfungia mlango mwenzake anayeifuata kwenye mwangwi uleule. Zinazobaki ni zile za mbele, wastani wa muda unawahi, na maji yanaonekana juu kuliko yalivyo.

Maji tulivu huakisi kama kioo. Kwenye anga safi fotoni ni nyingi kwa kila pigo, upofu huo ni mkubwa, kimo kinapanda. Wingu likija, fotoni zinapungua, upofu unapungua, kimo kinarudi chini mahali pake. Hapo ndipo fumbo la tarehe 8 Februari lilipofunguka: upande wa wingu haukushushwa na fuwele. Upande ulio wazi ndio uliokuwa umepandishwa.

Kuthibitisha kulituchelewesha kwa jaribio baya. Tulidhani mwale hafifu, wenye robo ya nishati, usingepata upofu huo, kwa hiyo tukaulinganisha na mwale wenye nguvu. Hapakuwa na tofauti ya maana, na kwa wiki nzima tukaitupa nadharia iliyokuwa sahihi. Mwale wenye nguvu unapokelewa na vigunduzi 16, mwale hafifu na vigunduzi 4. Nishati robo, vigunduzi robo: mzigo wa kila kigunduzi ni uleule. Jaribio hilo halingeweza kuonyesha chochote.

Jaribio lililofaa ni hili. Panga vipande vya ziwa kwa idadi ya fotoni za uso kwa kila pigo, bila kujali kama kuna wingu. Kisha ndani ya kila kundi linganisha vipande vyenye wingu na visivyo nalo. Maji yenye mawimbi chini ya anga safi hutoa fotoni chache kama maji tulivu chini ya sirasi. Ndani ya kundi moja tofauti ya wingu ikatoweka ndani ya kelele ya kipimo. Marekebisho ya upofu huu hayamo kwenye ATL03. Hufanywa na bidhaa zinazojengwa juu yake. Ukichukua fotoni ghafi, yafanye mwenyewe.

Onyo la pili kwa maji tulivu: vigunduzi vikizidiwa kabisa, mistari ya bandia hujitokeza chini ya uso wa kweli. Usiichukulie kuwa ni sakafu ya ziwa.

19 Aprili: Wingu lililojikunja

Masika imeanza na data nyingi ina wingu. Baada ya kujua kwamba wingu la chini ndilo la kuogopwa, tuliamua kutupa kila kipande ambacho ATL09 inaonyesha tabaka karibu na maji. Bidhaa hiyo ina bendera ya tahadhari ya mtawanyo, msw_flag: 0 ni hakuna tabaka, na namba hupanda kadiri tabaka linavyokaribia ardhi. Tukachuja kwa bendera hiyo. Vipande vingi kuliko tulivyotarajia vikatupwa, tena hata usiku ambao picha za satelaiti ya hali ya hewa hazikuonyesha wingu lolote la chini.

Sababu imo katika mapigo 10,000 kwa sekunde. Kati ya pigo na pigo kuna mikrosekunde 100, na katika muda huo mwanga huenda na kurudi kilomita 15. Fotoni iliyorudi kutoka wingu lililo kilomita 15 juu ya ziwa inafika saa ileile na fotoni ya pigo lililotangulia inayotoka majini. Kifaa hakina njia ya kuzitofautisha. Wingu linajikunja kutoka juu na kutua chini. Ziwa likiwa mita 1,134, wingu linaloangukia hasa juu ya uso wa maji ni la kilomita 16.1 juu ya bahari. Ungekuwa kwenye nchi za baridi hilo lisingekusumbua, kwa sababu mawingu ya huko hayafiki kimo hicho. Katika ikweta paa la hali ya hewa liko kilomita 16 hadi 17, na sirasi nyembamba hupenda kukaa papo hapo chini yake.

Kwa hiyo tulikuwa tukitupa data nzuri, iliyofunikwa na wingu lisilo na madhara kwa kimo, kwa kulidhania ukungu.

Namna tunavyolitambua sasa. Dirisha la ATL09 linaanza kama robo kilomita chini ya ardhi hadi kilomita 13.75 juu yake. Tazama tabaka linaloendelea chini ya uso wa maji bila kukatika: mwanga wa kijani hauendi mita 200 ndani ya Ziwa Victoria, kwa hiyo tabaka hilo limetoka juu. Tazama pia tabaka refu linalogusa paa la dirisha huku jingine likichomoza sakafuni mahali palepale. Ukungu wa kweli huishia majini kwa ukali.

Pale ishara hizo zinapokosekana, tunatumia Meteosat, satelaiti za hali ya hewa: tofauti ya joto kati ya mkondo wa mikromita 10.8 na ule wa 12.0 huongezeka juu ya sirasi nyembamba. Hapa nako tulijikwaa. Picha za Meteosat iliyo longitudo 0 huiangalia Mwanza kwa ubavu, pembe ya digrii 38 kutoka utosini, na wingu la kilomita 16 huonekana limesogea karibu kilomita 12.7 mashariki ya mahali lilipo. Tulikuwa tunalinganisha mwale mmoja na wingu la jirani. Tumia Meteosat-9 ya longitudo 45.5 mashariki, kutoka huko msogeo ni kama kilomita 4, kuelekea magharibi. Urekebishe hata hivyo.

10 Mei: Vibao vilivyolala

Vipande vichache vina tabaka linalong'aa mno kwa unene wake, karibu kama wingu zito la maji, lakini maji chini yake yanaonekana vizuri. Dalili hiyo inajulikana. Fuwele za umbo la kibao huanguka zikiwa zimelala bapa kama jani linaloelea, na leza inayopiga wima hurudishwa nazo kama kioo. CALIPSO, iliyorushwa Aprili 2006, ilianza kazi ikiwa imeinamishwa digrii 0.3 tu, na mng'ao huo ukaharibu vipimo vya mawingu. Novemba 2007 ikainamishwa digrii 3 na kubaki hivyo. Leza ya satelaiti ya EarthCARE ya Mei 2024 nayo imeinamishwa digrii 3 tangu mwanzo.

Miale ya ATLAS hutoka karibu wima: jozi ya katikati digrii 0.14, za pembeni 0.4 hivi. Tulikuwa tayari kuandika kwamba ziwa zima linapimwa ndani ya mng'ao wa vibao. Kisha tukasoma pembe halisi. Nje ya maeneo ya ncha za dunia ICESat-2 huelekezwa pembeni ya njia yake ya rejea ili kufunika ardhi zaidi kwa ajili ya mimea, kwa hiyo pembe hubadilika pito kwa pito. Katika ATL03 kigezo ni ref_elev, kwa radiani. Mwinamo kutoka wima ni 1.5708 kasoro thamani hiyo. Kisomeni kila mara. Hata fotoni za maji tulivu hupungua mwale ukiinama, na sisi tulikuwa tumehesabu upungufu huo kama wingu katika mapito mawili ya Januari. Yamehesabiwa upya.

Vibao vilivyolala hupatikana zaidi kwenye joto la nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri. Hapa kwetu hicho ni kimo cha kilomita 7 hadi 8, chini sana ya sirasi. ATLAS haipimi mgeuko wa polaraizesheni (mwelekeo wa mtikisiko wa mwanga), kipimo ambacho lidari nyingine hukitumia kutenganisha vibao na matone ya maji, kwa hiyo kimo, joto na mwinamo ndivyo vinavyotusaidia. Kuna pia jicho. Jua likiwa chini asubuhi au jioni, na madoa mawili ya rangi yakatokea kulia na kushoto kwake kwa digrii 22 au zaidi kidogo, vibao vimelala. Duara kamili la digrii 22 kuzunguka jua au mwezi linaonyesha fuwele zilizokaa ovyo. Tunaandika tulichokiona pamoja na saa, bila gharama yoyote.

31 Mei: Jaribio la nchi kavu

Kuchelewa kwa fotoni kunapaswa kuacha mkia upande wa chini wa histogramu ya kimo, yaani mchoro wa idadi ya fotoni kwa kila kimo. Juu ya ziwa jaribio hilo halina maana, kwa sababu mwanga wa kijani huingia majini na kutawanywa na matope na mwani, ukaacha mkia wake. Tukahamia Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya: tambarare, kavu, bila mimea katikati.

Mkia ukaonekana hata kwenye anga safi. Ulikuwa wa pigo lenyewe: pigo la ATLAS halina ulinganifu, nyuma yake ni refu kuliko mbele. Umbo lake limehifadhiwa ndani ya ATL03 kwa miale miwili kati ya mitatu yenye nguvu, kutokana na mwanga kidogo unaopelekwa moja kwa moja toka kwenye leza hadi kigunduzi. Tukatumia umbo hilo kama kipimo cha kuanzia. Baada ya kuliondoa, na baada ya kupanga kwa idadi ya fotoni kama Machi, mkia chini ya sirasi na mkia wa anga safi havitofautiki. Inaendana na milimita 0.36 za programu, ambazo Chalbi yenyewe, kwa mikwaruzo ya udongo wake, isingeweza kuzionyesha.

21 Juni: Utaratibu unaotumika sasa

Ondoa geoidi. Soma ref_elev. Panga kwa fotoni kwa pigo na urekebishe upofu wa kigunduzi. Tabaka lililo juu ya kilomita 5 lisikufanye utupe kipande, isipokuwa fotoni za uso zimekuwa chache mno kupata wastani. Tabaka la chini likaguliwe kama limejikunja. Likiwa la kweli, kipande kinatupwa.

Gharama hadi leo: diski Sh 170,000, bando la ziada la GB 38 lililopotea Januari, na saa za kazi zipatazo 140, ambazo zaidi ya nusu ziliishia kwenye makosa matatu: darubini, miale miwili na msogeo wa Meteosat.

Kilichobaki mezani ni ukaguzi wa kujikunja kwa mapito ya masika yote, unaofanywa kwa macho pito kwa pito. Kipimo cha kiotomatiki kinachotafuta tabaka chini ya uso wa maji kimeandikwa, ila bado kinakosea kwenye visiwa, ambako kimo cha ardhi kinachotumika kupanga dirisha kinaruka ghafla. Visiwa vya Ssese na Ukerewe vimefungiwa nje kwa sasa.